Muhula mmoja nje: Bayreuth au Universiti Malaya?

Mwanatunguu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko mwaka wa pili, shahada ya Jiografia na Mazingira, hapa Unguja. Idara imeniwekea nafasi mbili za kwenda kusoma muhula mmoja nje kuanzia Oktoba ijayo, yaani muhula wangu wa tano, na natakiwa nichague moja kabla ya mwezi kwisha.

Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi: euro 900 kwa mwezi na nauli juu yake. Ya pili ni Universiti Malaya, Kuala Lumpur. Huko karo nimesamehewa kwa makubaliano ya kubadilishana wanafunzi, lakini nauli, malazi na chakula ni juu yangu na wazee.

Masomo ya muhula huo hapa kwetu ni sita, krediti 10 kila moja: GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia), uchambuzi wa picha za setilaiti, mbinu za utafiti, usimamizi wa mwambao, hidrolojia na mipango miji. Nasomeshwa na mkopo wa Bodi ya Zanzibar. Kijerumani sijui hata salamu, Kiingereza changu kizuri.

Kila ninayemuuliza ananiambia niende Ulaya kwa sababu ni bure. Mimi nataka hesabu. Ninachokiogopa zaidi ni kurudi nikaambiwa muhula mzima hautambuliki, nianze upya.

---

Mtendeni

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Hofu yako iko mahali pake, basi tuanzie hapo kabla ya euro na baridi.

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika masomo yako sita. Katikati andika somo la Bayreuth linalolingana na kila moja, kulia la Malaya. Usiangalie jina la somo tu, fungua maelezo yake: mada za kila wiki, saa za maabara, namna ya mtihani, na lugha ya kufundishia. Mkuu wa idara hatokubali "Jiografia ya Mazingira II" badala ya hidrolojia kama ndani yake hamna mzunguko wa maji wala vipimo vya mto.

Sasa krediti, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara na kujisomea. Mwaka ni krediti 120, muhula 60, kwa hiyo wewe unadaiwa saa 600. Ulaya wanatumia ECTS, ndizo krediti zao za pamoja. Muhula ni ECTS 30, na moja ni saa 25 hadi 30. Malaysia krediti moja ni saa 40.

Piga hesabu. Malaya krediti 15 mara saa 40 ni saa 600, inaingia kama kifuniko na sufuria. Somo la krediti 3 ni saa 120, sawa na krediti 12 za hapa. Masomo matano yanakutosha.

Bayreuth kuna njia mbili za kubadilisha na hazitoi jibu moja. Ukibadilisha kwa saa, ECTS 5 ni saa 125 hadi 150, yaani krediti 12 na nusu hadi 15 za hapa. Kwa njia hii ECTS 24 zinakutosha hata ukihesabu saa 25 za chini. Ukibadilisha kwa fungu la mwaka, ECTS 60 ni sawa na krediti 120, basi ECTS moja ni krediti mbili, na wewe utalazimika kuchukua ECTS zote 30. Tofauti hiyo ni somo moja zima la ziada katika nchi ngeni. Muulize mratibu wa mabadilishano wa chuo chako anatumia njia ipi, na jibu lije kwa barua pepe, si kwa mdomo pale varandani.

Jambo la pili ni alama. Hapa GPA, yaani wastani wa alama, inakwenda hadi 5.0 na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Malaysia mwisho ni 4.0. Mtu akirudi na 3.7 ya Malaysia, ambayo ni alama ya juu sana kule, ofisi ikainakili kama ilivyo, amedondoka daraja la pili la juu. Ujerumani ni kinyume kabisa: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umefeli. Uliza mapema: alama zitaingia kwenye GPA, au somo litaandikwa tu kuwa umefaulu? Kama zinaingia, jedwali la kubadilishia liwekwe kwenye faili lako kabla hujaondoka.

Yote haya yanaandikwa kwenye mkataba wa masomo, unaosainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako, chuo kinachokupokea. Erasmus+ wanaudai kwa lazima. Malaya nao watakutaka uorodheshe masomo. Ukifika ukakuta somo limefutwa au linagongana na jingine kwenye ratiba, na hilo hutokea sana wiki ya kwanza, mkataba unabadilishwa kwa saini zile zile tatu. Usibadilishe somo kimyakimya ukasema utaeleza ukirudi. Somo lisilokuwemo kwenye mkataba, chuo chako hakina wajibu wa kulitambua.

---

Kaskazi_Pemba

Mtendeni kamaliza upande wa masomo. Mimi nije kwenye neno "bure".

Bayreuth ni mji mdogo wa Bavaria, watu kama elfu sabini na kitu, maisha yake ni nafuu kuliko Munich au Hamburg. Chumba cha dahalia ya wanafunzi weka euro 250 hadi 400. Bima ya afya ya mwanafunzi ni euro 140 hadi 150 kwa mwezi, nayo ni lazima, bila bima huandikishwi. Chakula 200 hadi 250 ukijipikia. Kuna mchango wa muhula, ambao si karo, na wa mabadilishano pia huulipa. Na kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Barua yake inakuja kwa Kijerumani na watu huitupa wakidhani ni tangazo, halafu deni linakua. Mkikaa wengi kwenye fleti moja analipa mmoja, mnagawana. Kwa hiyo 900 inatosha, lakini haibaki nyingi.

Tatizo ni viza. Kukaa zaidi ya siku 90 unahitaji viza ya kitaifa, si ile ya Schengen ya matembezi. Unaomba ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, unakwenda mwenyewe kwa sababu wanachukua alama za vidole. Kiwango wanachotaka uoneshe ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Ufadhili wako ni 900. Ile 92 inayopungua ubalozi unaweza kuidai: kwa miezi sita ni euro 552, kwenye akaunti iliyofungwa wanayoiita Sperrkonto au kwa dhamana ya mtu. Omba barua ya ufadhili inayotaja kila kitu kwa tarakimu: posho ya mwezi, nauli, idadi ya miezi, na kwamba karo hulipi. Barua inayosema tu "mwanafunzi huyu anafadhiliwa" haimsaidii ofisa aliye dirishani.

Muda: maombi yanaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, kwa sababu mara nyingi faili hupelekwa ofisi ya wageni ya mji unaokwenda. Miadi nayo ina foleni yake. Masomo yanaanza katikati ya Oktoba, basi Julai uwe umeshakabidhi karatasi zako. Ada ya viza ni euro 75 na wenye ufadhili wa fedha za umma mara nyingi husamehewa, uliza kabla hujalipa.

Kama pasipoti hujaipata anza leo. Shilingi 150,000, inadumu miaka kumi. Utatakiwa namba ya NIDA (kitambulisho cha Taifa) na cheti cha kuzaliwa. ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, peke yake haitoshi, na jina liwe moja kila mahali. Kwetu hapa mtu anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha skuli, Hamisi kwenye NIDA, na jina la babu likawemo huku likakosekana kule. Rekebisha kabla hujapeleka jina Ulaya, maana barua ya udahili, bima na viza zote zitanakili pasipoti. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na mtafsiri anayekubaliwa na ubalozi.

Ukifika: ndani ya wiki mbili tangu uhamie chumbani ujiandikishe ofisi ya manispaa, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba au dahalia. Bila cheti hicho benki itakusumbua, na bila benki posho haiingii. Na posho ya Erasmus haiji yote mara moja. Sehemu kubwa hutangulia na iliyobaki hulipwa mwisho baada ya ripoti yako. Wiki za mwanzo utalipa amana ya chumba, kodi ya mwezi wa kwanza na mchango wa muhula kabla hujaona senti. Uwe na euro 1,000 hadi 1,200 za kuanzia. Hapo ndipo "bure" inapokwisha, na familia ijue tokea sasa.

Erasmus+ wanahesabu pia siku ulizokuwepo. Ukirudi kabla ya tarehe ya mkataba unarudisha sehemu ya fedha.

---

Mwanatunguu

Ahsanteni sana. Nimeanza lile jedwali. Upande wa Malaya nimepata masomo matano yanayokaribiana na yangu. Bayreuth nimepata matatu tu ya Kiingereza, mengine yote Kijerumani. Kuna programu ya Global Change Ecology ya Kiingereza ingenifaa sana, naweza kuingia humo? Na Malaya taratibu zao zikoje?

---

Mtendeni

Global Change Ecology ni ya shahada ya uzamili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuruhusiwa kwenye somo moja moja kwa idhini ya mwalimu, lakini usipange muhula juu ya idhini ambayo hujaipata. Jiografia ya shahada ya kwanza pale husomeshwa zaidi kwa Kijerumani. Cha Kiingereza utakipata kwa wingi upande wa masomo ya Afrika, ambako Bayreuth ina jina kubwa na hata Kiswahili kinafundishwa. Ungekuwa unasoma Kiswahili au maendeleo ya jamii ningekwambia nenda bila kusita. Kwa GIS na hidrolojia hali ni nyengine.

Bado kalenda. Mihula haifanani. Bayreuth muhula wa baridi kwa makaratasi ni tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, vipindi vinakwisha Februari, ndipo mitihani. Masomo mengi hayana mtihani wa kukaa, yana Hausarbeit, insha ndefu ya utafiti inayokabidhiwa mara nyingi mwezi Machi. Wewe Machi utakuwa umeshaanza muhula wa sita hapa, na ndio muhula wa utafiti wako wa mwisho. Ukienda, chagua masomo yenye Klausur, mtihani wa kuandika wa Februari. Na kule kujiandikisha kwenye somo na kujiandikisha kwenye mtihani ni vitu viwili tofauti. Dirisha la mtihani linafunguliwa wiki chache kisha linafungwa. Mtu anahudhuria muhula mzima, anakuta jina lake halimo, na hakuna wa kumtetea.

Ukifeli huko, marudio yatafanyika wewe ukiwa umesharudi, na hapa hutopewa sapu ya somo ambalo chuo chako hakikulifundisha. Ndiyo maana wengi huchukua somo moja la akiba zaidi ya krediti wanazozihitaji.

---

Pwani_Mchangani

Malaysia nalijibu mimi, dada.

Viza huombi wewe ubalozini kwanza. Chuo kinakuombea kibali kupitia EMGS, taasisi ya Malaysia inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Wewe unatuma pasipoti iliyochanganuliwa kurasa zote, hata tupu, picha ya rangi yenye mandhari nyeupe, transkripti, barua ya udahili na fomu ya afya. Kisha unafuatilia mtandaoni kwa namba ya pasipoti, wanaonesha asilimia ya maendeleo. Ikisimama mahali pamoja kwa wiki, mara nyingi sababu ni picha au ukurasa usiosomeka, basi andikia ofisi ya wageni ya chuo, usikae unangoja. Mwisho inatoka barua ya idhini. Usipande ndege kabla haijatoka, na usiingie kama mtalii ukitarajia kubadilisha huko. Utaambiwa utoke nje ya nchi uanze upya.

Ukifika una siku saba za kazi kufanya uchunguzi wa afya, ikiwemo picha ya kifua. Ukipita Addis Ababa au Nairobi ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa. Bora uwe nayo tu kwenye mkoba.

Pesa: ukipata nafasi kwenye kolej kediaman, dahalia za ndani ya kampasi, maisha ni mepesi. Sahani ya wali na kuku kwenye kantini ni ringgit (fedha ya Malaysia) 6 hadi 10. Panga ringgit 1,500 hadi 2,000 kwa mwezi kwa chumba, chakula na usafiri. Ukichukua 1,800 kwa miezi mitano ni 9,000, halafu ongeza nauli, ada za EMGS, bima na dhamana ya Uhamiaji. Ukikosa kolej na kupanga nje, wenye nyumba hutaka amana ya miezi miwili na nusu mwezi ya umeme na maji, kwa hiyo omba kolej siku ile ile unayopata udahili. Kazi za muda usizitie kwenye bajeti yako hata kidogo.

Tahadhari moja kuhusu lugha: Malaya si kila somo la shahada ya kwanza ni Kiingereza, mengine husomeshwa Kimalei. Hayo matano uliyoyapata, andika barua pepe kwa kila moja uthibitishe lugha ya muhula huo hasa, maana somo hilo hilo linaweza kubadilika mwalimu akibadilika.

Na hakikisha barua yako imesema wewe ni wa mabadilishano. Kuna kundi jengine la wageni wa muhula mmoja wanaolipa karo kamili. Fomu zinafanana, na ukijaza isiyo yako utaletewa ankara.

---

Kaskazi_Pemba

Kwa vile umetaja mkopo: usikubali kabisa kuandikiwa kwamba umeahirisha masomo. Ukiahirisha, bumu, yaani posho ya mkopo, linasimama, na kulirejesha ni safari ndefu ya barua. Hali yako iwe "mwanafunzi aliyesajiliwa, yuko nje kwa mabadilishano", ujisajili muhula wa tano hapa kama kawaida, na barua ya chuo ipelekwe Bodi ya Mikopo kabla hujaondoka. Bakisha nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ibada nayo ni sehemu ya ratiba, tusiione ndogo. Bayreuth mwezi wa Disemba jua linachomoza saa mbili na dakika kumi asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinakubana ndani ya saa nne za mchana, saa za vipindi. Vipindi vyao vya saa mbili huanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa na kwisha robo saa kabla, kwa hiyo kati ya kipindi na kipindi una nusu saa. Inatosha kama umeshajua pa kusalia. Nyama ya halali iko kwenye maduka ya Waturuki, na kwenye kantini ya chuo orodha huwa na alama za nguruwe na pombe, zijifunze siku ya kwanza. Kuala Lumpur hayo hayakushughulishi.

Koti la baridi nunua mitumba huku kama ukilipata zito, lakini viatu vya theluji nunua kule. Soli za huku hugeuka ngumu na kuteleza.

---

Mwanatunguu

Mratibu amejibu: wanabadilisha kwa fungu la mwaka, ECTS moja krediti mbili. Alama zinaingia kwenye GPA. Na Malaya wamethibitisha masomo manne kwa Kiingereza, la tano, mipango miji, ni Kimalei. Wazee wanasema ringgit 9,000 na nauli wanaweza kwa kujibana.

---

Mtendeni

Basi jibu limeanza kuonekana. Kwa fungu la mwaka Bayreuth unadaiwa ECTS 30 na una masomo matatu ya Kiingereza. Hata yakiwa ya ECTS 5 kila moja ni 15, nusu ya deni. Nusu nyengine utaijaza kwa vitu ambavyo idara yako haitovikubali badala ya GIS na hidrolojia. Malaya una masomo manne mara krediti 3, ni saa 480, krediti 48 za hapa. Zimebaki 12, sawasawa na somo moja. Mimi ningechagua Malaya, na Bayreuth ningeiweka akilini kwa uzamili, ambako ile programu ya Kiingereza inakungoja kihalali.

Kwa hilo la tano una njia mbili. Tafuta somo jengine la Kiingereza, hata la kitivo chengine, linalogusa matumizi ya ardhi, ulipeleke kwa mkuu wa idara na maelezo yake ya kila wiki. Au omba mipango miji uisome hapa ukisharudi, pamoja na masomo ya muhula wa sita, kama kanuni zinaruhusu krediti 10 za ziada ndani ya muhula mmoja, ingawa hapo utapungukiwa krediti 2 kufika 60. Njia ya kwanza ni nyepesi, maana muhula wa sita utafiti utakuwa umekushika shingo.

Lile jedwali la alama la 4.0 kwenda 5.0 lidai wiki hii hii. Na Bayreuth wajulishe mara tu ukiamua, kupitia mratibu, kwa maandishi. Kuteua wanafunzi wa muhula wa baridi huwa kwa kawaida kati ya Mei na Julai, na mwenzako aliye wa pili kwenye orodha atahitaji muda ule ule wa viza unaoukimbilia wewe.